Vitabu vya Rejea vya Kiebrania cha Biblia: Kipi cha Kuchagua, na kwa Kazi Gani

Anayechunguza neno la Kiebrania katika Agano la Kale huwa na maswali matano, na karibu kila swali lina kitabu chake. Neno lililo katika aya hii ni lipi hasa? Limetumika wapi kwingine? Lina maana zipi kwa jumla? Hapa limebeba ipi kati ya hizo? Na wazo lililo nyuma yake limeelewekaje na wataalamu? Swali la kwanza hujibiwa na Biblia ya mistari sambamba (Kiebrania na tafsiri yake mstari chini ya mstari) yenye namba za Strong (namba inayotambulisha kila neno la asili), la pili na konkodansi (orodha ya aya zote zenye neno fulani), la tatu na leksikoni (kamusi ya maana za maneno ya Kiebrania), la tano na kamusi ya teolojia. Swali la nne halina kitabu. Hilo hujibiwa na msomaji mwenyewe, aya ikiwa mbele yake, na vitabu vyote vingine vipo kwa ajili ya kumfikisha hapo.

Wengi huruka kutoka swali la kwanza hadi la tano. Mtu hupata namba ya Strong, kisha hufungua moja kwa moja makala ndefu ya kamusi ya teolojia, na kila alichokisoma humo hukimimina ndani ya aya yake. Matokeo huvutia masikio, lakini mwandishi wa aya ile hakusema hayo. Kwa hiyo ushauri wote unaofuata, wa kununua na wa kutumia, unaegemea jambo moja: konkodansi na leksikoni kwanza, teolojia baadaye.

Kabla ya kitabu chochote

Jifunze herufi 22 na mpangilio wake, pamoja na herufi tano zinazobadilika umbo zikiwa mwisho wa neno (ך ם ן ף ץ), halafu alama za irabu. Bila mpangilio wa herufi huwezi kutafuta neno katika leksikoni yoyote ya maana, na utabaki mtumwa wa namba. Angalia pia שׂ (sin) na שׁ (shin). Leksikoni kubwa huzitenga na kutanguliza sin, ilhali orodha ya Strong huzichanganya kama herufi moja. Anayehama kutoka Strong hudhani neno halimo kitabuni, kumbe anatafuta upande usio wake.

Strong: mlango, si nyumba

Konkodansi ya James Strong ilitoka mwaka 1890. Ilipanga kila neno la tafsiri ya Kiingereza ya King James na kulipa kila neno la asili namba. Za Agano la Kale ni 1 hadi 8674, Kiebrania na Kiaramu pamoja. Namba hizo bado zina manufaa makubwa, kwa kuwa programu na vitabu vingi vimejengwa juu yake. Msomaji wa Kiswahili ana shida moja ya pekee: konkodansi yenyewe huingiwa kwa neno la Kiingereza cha King James. Huwezi kuanza na neno "fadhili" la Biblia ya Kiswahili ukafika kwenye namba. Pita kwa aya: fungua aya ileile katika Biblia ya mistari sambamba, tafuta neno la Kiebrania linalolingana, uchukue namba yake hapo.

Hesabu za aya nazo hutofautiana. Matoleo ya Kiebrania huhesabu vichwa vya zaburi kuwa aya, kwa hiyo Zaburi 51:1 ya Kiswahili ni 51:3 ya Kiebrania. Yoeli 2:28–32 ni sura ya 3 katika Kiebrania, na Malaki 4 ni mwisho wa Malaki 3. Leksikoni hutaja hesabu ya Kiebrania. Ukifika kwenye aya iliyotajwa na usilione neno, rudi nyuma au songa mbele aya moja mbili kabla ya kuamini kwamba kitabu kimekosea.

Sasa tazama jinsi maelezo ya Strong yalivyopangwa. Chukua namba 2617, חֶסֶד (hesed). Kuna ufafanuzi mfupi, kisha alama ya nukta mbili na kistari, kisha orodha ndefu. Orodha iliyo baada ya kistari hicho si orodha ya maana. Ni orodha ya maneno ambayo King James ilitumia kutafsiri neno hilo, yamepangwa kwa alfabeti ya Kiingereza. Katika hesed orodha inaanza na upendeleo, inapita kwenye wema na rehema, na inaishia na "aibu" na "jambo ovu". Asiyejua mpangilio huu husema kwamba hesed "pia humaanisha uovu", na kuna waliojenga mafundisho juu ya hilo. Ukweli ni kwamba "jambo ovu" linatoka Walawi 20:17 na "aibu" linatoka Mithali 14:34, na leksikoni kubwa hutambua hapo neno la pili, lenye herufi zilezile na maana nyingine kabisa. Strong ameyapa yote mawili namba moja.

Namba ya Strong basi ikupeleke kwenye leksikoni. Usiitumie kama leksikoni.

Leksikoni: hapa ndipo fedha iende

BDB ni leksikoni ya Brown, Driver na Briggs, iliyokamilika 1906 juu ya msingi wa kazi ya Gesenius, mtaalamu Mjerumani wa Kiebrania. Haina tena hakimiliki, inapatikana bure, na kwa baadhi ya mambo haijapitwa. Nguvu yake kubwa ni matumizi ya vihusishi na miundo. Itakuonyesha kwamba kitenzi שׁמע (shama) kikifuatwa na "sauti ya" fulani kwa kihusishi ב maana yake ni kutii, na itakupa aya kwa aya. Inaonyesha pia idadi ya matumizi ya kila kauli ya kitenzi. Udhaifu wake ni umri. Mabamba ya Ugarit yalianza kuchimbuliwa 1929, na hati za Bahari ya Chumvi zikaanza kupatikana 1947. Lugha ya Kiugarit ni jamaa ya karibu ya Kiebrania, na sehemu kubwa ya hati za Bahari ya Chumvi ni Kiebrania chenyewe. BDB haikuona chochote kati ya hivyo.

Kinachowashinda wengi katika BDB ni mpangilio wake wa mizizi. Huwezi kutafuta מִזְבֵּחַ (mizbeah, madhabahu) chini ya מ. Lipo chini ya זבח, kuchinja sadaka. Torah lipo chini ya ירה, mattanah (zawadi) chini ya נתן, maqom (mahali) chini ya קום, tefillah (sala) chini ya פלל. Kanuni ya kuanzia ni hii: ondoa מ au ת ya mwanzo na ה au ת ya mwisho, uhesabu herufi zilizobaki. Zikiwa tatu, jaribu huo kuwa mzizi. Zikiwa mbili, jaribu kuongeza נ au י mwanzoni, ו katikati, au kurudia herufi ya mwisho. Mahali pengi BDB huweka kielekezi katika nafasi ya kialfabeti ya neno lenyewe, kwa hiyo ukikwama tazama hapo pia. Yapo matoleo yaliyochapishwa yenye namba za Strong pembeni na faharasa mwishoni. Kama unanunua nakala ya karatasi, nunua hilo.

HALOT ni kazi ya Koehler na Baumgartner. Toleo lake la tatu la Kijerumani lilianza kutoka 1967, na tafsiri ya Kiingereza iliyosimamiwa na Richardson ikatoka 1994 hadi 2000 kwa juzuu tano, kisha 2001 toleo la juzuu mbili lenye maandishi yaleyale. Imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo mizbeah ipo chini ya מ. Inatumia Kiugarit, Kiakadi na hati za Bahari ya Chumvi. Mara nyingi hutoa visawe vifupi tu, bila ufafanuzi, na hupenda kupendekeza masahihisho ya maandishi. Ukiona ufupisho "cj.", jua kwamba umbo hilo limekisiwa na wahariri na halimo katika maandishi yaliyopokewa. Aya iliyotajwa pamoja na "cj." usiihesabu kama ushahidi wa kawaida.

DCH, kamusi ya Kiebrania cha kale iliyohaririwa na David Clines, ilitoka kwa juzuu nane kati ya 1993 na 2011. Inafuata njia nyingine kabisa: haitoi maneno jamaa ya Kiarabu au Kiakadi hata kidogo. Inaorodhesha neno limetumika na mtenda gani, mtendwa gani, kihusishi gani, na lipi limesimama sambamba nalo. Tena haiishii kwenye Biblia. Inachukua Yoshua bin Sira, hati za Bahari ya Chumvi na maandishi ya kuchongwa. Kwa anayetaka kuona neno likiwa kazini, ni hazina. Tahadhari moja: imekusanya mapendekezo mengi ya maneno yafananayo umbo, na mengi ya hayo yaliwahi kutolewa na mtaalamu mmoja tu. Kuwamo humo hakumaanishi kwamba limekubaliwa.

Kitabu cha Holladay cha 1971 ni muhtasari wa kazi ya Koehler na Baumgartner katika juzuu moja. Ni kizuri kwa kusoma maandishi haraka. Kwa uchunguzi wa neno hakitoshi, kwa sababu kimepunguza aya za ushahidi, na aya ndizo unazozitafuta.

Kama unaweza kuwa na leksikoni moja tu na unasoma Kiingereza vizuri, chukua HALOT ya juzuu mbili na utumie BDB ya bure pembeni. Kama huna uwezo wa kununua, BDB kamili na uvumilivu vitakufikisha mbali kuliko rafu nzima ya kamusi ndogo.

Kabla ya kulipia leksikoni yoyote, ijaribu kwa maneno matatu. La kwanza liwe la kawaida sana, kama דָּבָר (davar): je, matumizi ya "neno" na ya "jambo" yametenganishwa, na kila moja lina aya zake? La pili liwe lenye kiambishi, kama mizbeah: utalipata kwa muda gani? La tatu liwe adimu, na פִּים (pim) la 1 Samweli 13:21 linafaa sana. Halipatikani kwingine katika Biblia. King James ya 1611 ililitafsiri kuwa tupa ya kunolea. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale walipata mawe ya mizani yaliyochongwa herufi hizohizo, na ikaeleweka kwamba ni uzani, kama theluthi mbili za shekeli, yaani ujira uliotozwa kwa kunoa majembe. Leksikoni isiyojua habari ya mawe hayo ama ni ya zamani, ama imenakili ya zamani.

Kusoma kidahizo bila kupotea

Alama ndogo ya msalaba (†) ina thamani kuliko inavyoonekana. Katika BDB ikiwekwa kwenye kidahizo (neno linaloelezwa, pamoja na maelezo yake), na katika HALOT ikiwekwa mwishoni, inamaanisha kwamba aya zote zenye neno hilo, au zenye maana hiyo, zimetajwa. Ukiiona, una konkodansi kamili mkononi tayari. Usipoiona, orodha ni ya mifano tu, na huna haki ya kusema "neno hili halitumiki kamwe kwa Mungu" kwa kuitegemea.

Namba za Kirumi (I, II, III) hutenganisha maneno yanayofanana umbo. Mzizi ענה umegawanywa mara nne katika BDB: kujibu, kushughulika, kuonewa au kuteswa, na kuimba. Ukisoma maelezo ya "kujibu" ilhali aya yako inazungumzia mjane anayeonewa, kazi yote imeharibika. Namba hizo hazilingani kati ya kitabu na kitabu, kwa hiyo usinakili "ענה III" kutoka BDB ukaitafuta kwa namba ileile katika HALOT. Linganisha kwa maana na kwa aya.

Kwa vitenzi, leksikoni hupanga kwa kauli: Qal, Nifal, Piel, Pual, Hifil, Hofal, Hitpael. Msemaji wa Kiswahili yuko mahali pazuri hapa, maana tunanyambua vitenzi kila tunapofungua kinywa. Kitenzi ראה katika Qal ni kuona, katika Nifal kuonekana, katika Hifil kuonyesha, na katika Hitpael hupata maana ya kutazamana, kama Yakobo anavyowauliza wanawe katika Mwanzo 42:1. למד katika Qal ni kujifunza na katika Piel kufundisha. Kwa hiyo kabla ya kusoma maana, hakikisha umejua kauli ya kitenzi katika aya yako, kisha usome sehemu ya kauli hiyo peke yake. Ulinganisho huu una mpaka. Piel si "mkazo" wa Qal kila mara, ingawa vitabu vingi vya zamani husema hivyo. דבר katika Piel ni kusema tu, bila mkazo wowote.

Kiaramu kimewekwa mwishoni, sehemu yake peke yake, katika BDB na katika HALOT. Ukiwa ndani ya Danieli 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, Ezra 4:8–6:18 na 7:12–26, au Yeremia 10:11, nenda huko. Kutafuta neno la Danieli 5 katika sehemu ya Kiebrania ni chanzo cha saa nyingi zilizopotea.

Konkodansi, na kazi yenyewe

Hiki ndicho kitabu kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachomfanya mtu aache kuwa mnakili wa maoni ya wengine. Konkodansi ya Even-Shoshan imepanga kila neno kwa maumbo na kwa misemo yake. Maelezo yake ni ya Kiebrania na sura na aya zimeandikwa kwa herufi za Kiebrania, lakini hilo huzoeleka. Ya Lisowsky (1958) ina nomino na vitenzi na huonyesha mtenda wa kitenzi. Asiyesoma Kiebrania vizuri bado anaweza kutumia ya Wigram ya 1843, inayopanga kwa neno la Kiebrania na kunukuu aya kwa Kiingereza. Programu nyingi hufanya kazi hiyohiyo kwa sekunde, mradi utafute kwa namba au kwa neno la msingi. Ukitafuta kwa umbo moja lililoandikwa, utakosa maumbo mengine yote.

Chora jedwali la safu sita: aya, umbo au kauli, nani anatenda, kwa nani, neno lililo sambamba au la pamoja, aina ya maandishi. Neno lenye matumizi yasiyozidi 40 lisome lote. Lenye mamia, anza na kitabu chako, kisha chukua sampuli kutoka simulizi, sheria, unabii, zaburi na hekima.

Hesed limetumika takriban mara 245. Jedwali linapojaa, mambo hujitokeza yenyewe. Mara nyingi hesed "hufanywa": kitenzi ni עשׂה, na kihusishi ni עם, pamoja na fulani. Aghlabu linaandamana na אֱמֶת (emet), kweli au uaminifu, kama katika Kutoka 34:6. Katika simulizi, anayelitenda ni mtu aliye na uhusiano fulani na mwenzake, na mara nyingi mwenzake ana shida ambayo hawezi kujitoa: Ruthu 3:10, au Yonathani na Daudi katika 1 Samweli 20. Katika Zaburi ya 136 linarudi kila aya, mtenda akiwa Mungu. Halafu unakuta Isaya 40:6, ambapo hesed ya binadamu inafananishwa na ua la kondeni, na hapo wataalamu wanabishana kama ni uzuri wake au ni uthabiti wake. Aya kama hiyo iandike pembeni na alama ya kuuliza. Usiiache, na usiilazimishe ikubaliane na nyingine.

Baada ya jedwali ndipo ufungue tena leksikoni, ulinganishe mgawanyo wake na wako. Utashangaa ni mara ngapi utaelewa sasa kwa nini mhariri amegawanya alivyogawanya, na mara chache utaona sababu ya kutokubaliana naye.

Kamusi za teolojia

Sasa unaweza kusoma makala ndefu bila kuzama. TDOT, iliyohaririwa na Botterweck na Ringgren, ina juzuu 15 za maneno ya Kiebrania katika Kiingereza, zilizotoka 1974 hadi 2006. Ni ya kina, na inaeleza matumizi ya neno katika mataifa jirani ya kale. Makala zake za mwanzo zinaonyesha umri. TLOT ya Jenni na Westermann, juzuu tatu katika Kiingereza (1997), ni fupi na mara nyingi ni makini kuliko TDOT katika kutenganisha neno na wazo. Kwa maoni yetu ndiyo bora kwa anayeanza, ingawa maneno yake ni machache. NIDOTTE ya VanGemeren (1997), juzuu tano, imekusudia wachungaji na walimu na ina makala za maneno mengi, hata ya vitu vya kawaida kama vyombo na mimea. TWOT (1980), juzuu mbili, ni ya wainjilisti wahafidhina, ni rahisi kusoma, na ina faharasa inayotoka namba za Strong.

Jihadhari na namba. NIDOTTE inatumia namba za Goodrick na Kohlenberger, ambazo ni mfumo mwingine, TWOT ina namba zake. Zote zinaonekana kama za Strong, na hazilingani nazo. Unapoandika namba katika daftari, andika na mfumo wake.

Kuna mtego ambao James Barr, mtaalamu wa lugha za Biblia, aliuanika mwaka 1961, na bado unanasa watu: kuchukua kila maana iliyotajwa katika makala na kuipakia kwenye aya moja. Shalom ni mfano mzuri. Makala itakueleza ukamilifu, afya, ustawi, upatanisho, amani na Mungu. Sasa soma 2 Samweli 11:7 katika Kiebrania. Daudi anamwuliza Uria juu ya shalom ya Yoabu, shalom ya watu, na shalom ya vita. Vita vina amani gani? Anajulia hali tu: vita vinaendeleaje. Neno limebeba maana moja nyepesi ya kila siku, na teolojia yote ya shalom haina nafasi hapo.

Mizizi, Kiarabu, na masikio ya Mswahili

Leksikoni kama BDB na HALOT huanza kidahizo kwa maneno jamaa ya Kiarabu, Kiaramu, Kiakadi. Msomaji wa Kiswahili husikia mengi ya hayo kama yake: shalom na salama, berakhah na baraka, zevah na dhabihu, rahamim na rehema, hokhmah na hekima. Undugu huo ni wa kweli, na husaidia sana kukumbuka maneno. Lakini haukupi maana ya neno katika aya. לֶחֶם (lehem) ni mkate au chakula kwa Kiebrania. Jamaa yake wa Kiarabu, lahm, ni nyama. Anayetafsiri kwa undugu atawalisha Waisraeli nyama pale walipokula mkate.

Mzizi nao hudanganya ndani ya Kiebrania chenyewe. Herufi לחם ndizo za lehem, na ndizo pia za kitenzi cha kupigana, ambacho kimetuachia מִלְחָמָה (milhamah), vita. BDB inazitenga kuwa mizizi miwili, I na II. Mtu akipita bila kuona namba hizo, atafundisha kwamba mkate wa Kiebrania "asili yake ni mapambano", na wasikilizaji wataandika hilo katika madaftari yao. Sehemu ya asili ya neno, ile iliyo juu kabisa ya kidahizo, isome mwisho. Ina uzito wa kweli pale tu neno linapokuwa adimu kiasi kwamba matumizi hayatoshi kulieleza.

Mtego mwingine ni wa kutafsiri mara mbili. Kamusi zote kubwa tulizozitaja zinaeleza kwa Kiingereza au Kijerumani, kwa hiyo kuna hatari ya kutafsiri Kiingereza cha leksikoni badala ya Kiebrania. לֵב (lev) likielezwa kwa Kiingereza, msomaji hufika kwenye "moyo" na kufikiria hisia. Katika Mithali, mtu aliyepungukiwa na lev ni mtu asiye na akili. Andika maana yako ya Kiswahili kutoka kwenye jedwali la aya, kisha uilinganishe na kisawe cha Kiingereza. Usianzie kwenye kisawe.

Vyombo vya bure mtandaoni

STEP Bible ya Tyndale House hutafuta kwa neno la msingi na kuonyesha umbo la kila neno. Sefaria ina maandishi ya Kiebrania pamoja na wafasiri wa Kiyahudi kama Rashi na Ibn Ezra, ambao kwa maneno adimu ni msaada mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ipo pia kamusi ya kisemantiki ya Kiebrania cha Biblia inayotayarishwa chini ya Vyama vya Biblia vya Kimataifa. Hii hutoa ufafanuzi kamili badala ya visawe, na hupanga maana kwa nyanja za maisha, kwa kuwa imekusudiwa watafsiri.

Tovuti nyingi zinadai kutoa "BDB" na haziitoi. Ukiona orodha yenye 1), 1a), 1a1), visawe tupu bila aya, bila maneno jamaa na bila vihusishi, huo ni muhtasari ulioshonwa kwenye namba za Strong. Umerithi pia mgawanyo wa Strong, pamoja na mahali alipochanganya maneno mawili chini ya namba moja. BDB ya kweli imejaa aya na vifupisho hadi inachosha macho. Tafuta nakala iliyopigwa picha kurasa zake, au iliyoandikwa upya kikamilifu, na uchapishe jedwali la vifupisho la mwanzo wa kitabu ulibandike karibu na meza yako.

Mpangilio wa kununua

Anza na Biblia ya Kiebrania yenyewe. BHS, toleo la kitaalamu lililojengwa juu ya hati ya Leningrad ya mwaka 1008, inatosha. Ongeza HALOT ya juzuu mbili, au BDB yenye faharasa ya Strong. Cha tatu kiwe kitabu cha sarufi ya rejea: Joüon na Muraoka kwa kina, au Waltke na O'Connor (1990) kwa maelezo ya kauli za vitenzi na vihusishi. Vyote viwili vina faharasa ya aya mwishoni. Itazame kwanza kila unapochunguza neno, kwani inawezekana aya yako imejadiliwa kwa jina. Konkodansi ya karatasi inunue kama huna kompyuta ya kutegemewa. Kamusi ya teolojia iwe ya mwisho, na ianze na TLOT. TDOT na DCH zisome maktabani, makala moja moja, ukiwa na jedwali lako lililokwisha kujazwa.